Mama Tano na Kabureta Iliyokunywa Tope

Dolina MacInnes alikuwa mpishi wa shule yetu pale Kinlochleven, Uskoti, kwa miaka ishirini na sita, lakini wapanda pikipiki hawakumjua kwa supu yake. Walimwita Mama Tano. Kila mwezi wa Mei, mashindano ya siku sita yanapopita milimani kwetu, alisimama kando ya kijito kimoja huko juu kwenye milima ya Mamore, kadi mkononi, akiwahesabia makosa watu waliokuwa wakipandisha pikipiki zao kwenye mawe. Mguu ukigusa chini mara moja, pointi moja. Ukianguka, au pikipiki ikisimama, tano, na mshindi ni mwenye pointi chache. Waamuzi wengine humwonea mtu huruma wakatazama pembeni. Dolina hakutazama pembeni. "Tano," alisema, kwa sauti ileile aliyowaambia nayo watoto kwamba pudini imekwisha.

Mimi ni Lachie Rankin, nilifanya kazi kiwandani hadi mapafu yakagoma, na kwa miaka tisa nilikuwa mwamuzi mwenzake pale kijitoni. Haya ninayoyasimulia sikuyaona yote. Mengine alinipa yeye, kidogo kidogo, na mengine nilipewa na Wilf Oddy.

Huyo Wilf alikuwa mfugaji wa kuku kutoka Yorkshire kule Uingereza, mtu mfupi, mdomo haumkai kimya. Mwaka 1973 Dolina alimpa tano kwa sababu pikipiki yake ilisimama juu ya jiwe. Wilf aliapa kwamba haikusimama. Tangu hapo, kila mwaka akifika kwetu alivua miwani yake ya vumbi na kuuliza, "Macho hayajambo, mama?" Naye Dolina alijibu, "Yanaona."

Mwaka 1984 siku ya Alhamisi ilikuwa mvua tangu alfajiri, mvua ya ubaridi iliyochanganyika na theluji. Kufikia saa nane kifua changu kilikuwa kinapiga filimbi, Dolina akanifukuza. "Shuka ukanisubiri garini. Sitaki kubeba maiti." Gari lilikuwa kwenye geti la barabarani, kilomita kumi na moja chini. Nikashuka. Saa tisa walipita wale wanaofuata nyuma kuhakikisha hakuna aliyebaki mlimani. Walimwambia wote wamekwishapita isipokuwa Oddy, ambaye inasemekana alijitoa asubuhi. Wakaenda zao. Dolina akabaki kung'oa bendera ndogo zinazoonyesha njia, moja moja, kwa sababu nyonga yake ya kulia ilikuwa mbovu na hakuweza kuinama haraka.

Saa kumi akasikia injini. Wilf akatokeza kwenye ukungu, matope hadi kwenye kope.

"Wewe si umejitoa?" Dolina akauliza.

"Nani kajitoa? Nimepotea, mama. Nimezunguka mlima huohuo mara mbili nikidhani ni miwili."

"Basi shuka taratibu. Hapa pamefungwa."

Wilf hakushuka. Alikitazama kijito, maji yakiporomoka juu ya lile bamba la jiwe lililomshinda miaka kumi na moja nyuma. "Nipandishe mara moja," akasema. "Bila kadi, bila pointi. Mwakani sirudi, daktari kasema magoti yamekwisha. Mara moja tu, nikalale."

Sheria ni kwamba pakishafungwa hapapandwi. Dolina aliijua sheria hiyo kuliko walioiandika. Aliniambia kwamba hata leo hajui kilichomwingia. Labda ni baridi, labda ni kule kusema mwakani sirudi.

"Haya," akasema. "Mara moja."

Wilf alipanda vizuri. Alipita mawe ya chini bila kugusa mguu, akafika kwenye bamba, gurudumu la mbele likashika juu. Kisha la nyuma likateleza. Pikipiki ilisimama wima kama farasi, ikamwangukia, wakaenda chini pamoja mpaka kwenye bwawa la chini. Dolina alisikia mfupa ukivunjika kabla hajasikia kelele.

Aliingia majini hadi kiunoni. Akamshika kwapani akamvuta, huku Wilf akimtukana yeye, pikipiki, na Uskoti nzima. Paja la kushoto lilikuwa limepinda pasipo na kiungo. Akamlaza chini ya mwamba uliochomoza, akafunga mguu kwa vijiti viwili vya bendera na skafu yake, akamvua koti lililolowa na kumvika la kwake, akamzungushia nailoni ya kufunikia kadi.

"Wiski ipo?" Wilf akauliza, meno yakigongana.

"Ipo garini, na hata ingekuwa hapa usingeipata. Ukinywa utajisikia vizuri mpaka ufe. Kunywa chai."

"Ningejua ningeanguka kwa Waingereza wenzangu."

"Piga kelele kama inauma. Nyie watu wa Yorkshire hata kilio mnakibania."

Alitania, lakini moyoni alikuwa anapiga hesabu. Kwa nyonga yake, kushuka kwa miguu kulikuwa ni saa nne. Saa nne za kushuka, saa mbili za waokoaji kupanda. Mtu aliyelowa, kwenye ukungu ule, hakuwa na saa sita. Alikulia kwenye milima hii. Aliwahi kuona mchungaji akiletwa nyumbani juu ya mlango uliogeuzwa machela, amekufa kwa baridi.

Wilf naye alikuwa amefikia hesabu hiyohiyo. "Unajua kuendesha?" akauliza.

"Baba yangu alikuwa mpeleka barua wa bonde hili. Alipougua, nilimbebea barua majira mawili ya baridi kwa pikipiki yake. Nilikuwa na miaka kumi na saba."

"Na spana?"

"Spana hakuniachia. Alisema mikono ya unga haishiki grisi."

"Leo itashika. Itoe majini."

Pikipiki za mchezo huu ni nyepesi, lakini iliyojaa maji haina wepesi. Alishika usukani akaivuta jiwe kwa jiwe mpaka ikafika ukingoni. Wilf akamwambia azungushe mshikio wa mafuta kisha auachie. Akauzungusha. Haukurudi.

Wilf akafumba macho. "Imekunywa tope. Ingekuwa maji matupu tungeipindua ikatapika. Hilo tope limeingia ndani, limekwamisha. Ukiiwasha hivyo itakurusha ng'ambo ya mlima. Lazima tutoe kabureta."

"Iko wapi?"

Akamtazama kama mpishi aliyeulizwa jiko liko wapi. "Katikati ya injini na kichujio cha hewa. Kitu cha kijivu, kama ngumi. Mkoba wa vifaa uko nyuma ya kiti."

Mkobani mlikuwa na bisibisi, spana ya plagi na koleo. Dolina alitandaza kitambaa chake cha kichwa juu ya jiwe bapa, akaweka pembeni kikombe cha chupa ya chai, kama anavyopanga meza yake kabla ya kutoa mifupa kwenye paja la kondoo.

"Funga mafuta kwanza, chini ya tangi. Chomoa mpira."

Mpira ulikuwa umeganda. Akaushika kwa koleo, akauzungusha, ukatoka, petroli ikamtiririkia kwenye vidole akahisi baridi kali kuliko ya maji.

"Kuna pete mbili za chuma, mbele na nyuma. Legeza skrubu. Usizitoe, legeza tu. Zikidondoka humu hatuzioni tena."

Akalegeza. Ya nyuma ilikuwa upande wa ndani, haionekani. Aliitafuta kwa ncha ya kidole kama mtu anayetafuta mfupa ndani ya samaki. Bisibisi ikateleza ikamchana kiganja. Akaendelea kulegeza.

"Sasa ipindishe kuelekea kwako, huku unaisukuma nyuma. Itakataa. Ilazimishe."

Ikakataa. Akaegemeza goti kwenye injini, akapindisha tena, ikatoka na sauti ya buti linalong'olewa kwenye matope. Juu bado ilikuwa imefungwa kwa waya wa mafuta.

"Kifuniko cha juu unakifungua kwa mkono. Taratibu, kuna springi itaruka. Vuta waya. Utatoka na kikombe kidogo cha chuma na sindano chini yake. Hiyo sindano usiipinde, mama. Ukiipinda, anza kuniombea."

Dolina alivuta. Kikombe kilikwaruza njia nzima kikitoka. Kilikuwa kimepakwa tope jeusi lenye mchanga. Akaona sindano, nyembamba kama ya kushonea, imenyooka. Akakiosha kwa petroli iliyochuruzika kwenye mpira, akakilaza juu ya kitambaa.

Kabureta ikawa mkononi mwake peke yake, nzito kuliko alivyodhani. Skrubu nne chini. Tatu zilikubali. Ya nne ilianza kuliwa kichwa.

"Inakwisha," akasema.

"Bonyeza kwa uzito wako wote, ndipo uzungushe. Uzito unao."

"Mdomo huo ndio uliokuvunja mguu."

Akabonyeza. Ikalia, ikazunguka. Bakuli la chini likafunguka, na ndani, chini ya petroli, aliona maji yamelala kwa matone kama shanga, na tope limejikusanya pembeni. Akamwaga. Wilf akamwongoza kwenye jeti mbili za shaba zilizofungwa katikati ya boya, moja kubwa, moja ndogo. Petroli hupita katika matundu yake, na tundu la ile ndogo hata unywele huingia kwa taabu.

"Zitoe, zipulize kwa mdomo, kisha zielekeze juu. Lazima uone mwanga."

Kubwa ikatoka. Akaipuliza, akaona mwanga. Ya pili ilikuwa imetoka nusu pale vidole vyake vilipomsaliti. Havikuwa na hisia tena. Aliiona jeti ikiacha ncha ya bisibisi, ikagonga jiwe, ikapotea kwenye kuvu la kijani lililotanda kama zulia chini ya magoti yake.

Akaganda.

"Nini?" Wilf akauliza.

"Hakuna."

"Mama, nini?"

"Imeanguka. Kaa kimya."

Hakusogeza goti. Alijua akianza kupapasa ataizamisha. Alitoa kisu chake mfukoni, akakata pande lote la kuvu pale jeti ilipoangukia, pana kama sahani, akalibeba kwa mikono miwili hadi kwenye ukingo wa maji. Akalichambua kipande kwa kipande ndani ya kikombe cha chai, akisuuza, akimwaga maji ya juu polepole, akisuuza tena, kama anavyotoa mchanga kwenye dengu. Mara ya kwanza, majani. Mara ya pili, changarawe. Mara ya tatu kitu kikagonga bati.

Akaitia mdomoni ili isipotee tena, akaipuliza humohumo mpaka machozi yakamtoka kwa petroli, akaielekeza angani. Giza. Akapuliza tena, mishipa ya shingo ikamsimama. Ukatokea mwanga, mdogo kuliko nukta.

"Nimeiona," akasema.

Wilf hakujibu. Dolina akageuka kumwangalia. Alikuwa ameacha kutetemeka.

Watu wasiojua baridi hufurahi mtu akiacha kutetemeka. Dolina hakufurahi; alijua mwili umeanza kushindwa. Alimpiga kofi shavuni. "Wilf! Nirudishe jeti hivihivi nilivyozitoa?"

"Hivihivi," Wilf akasema polepole. "Usikaze sana. Shaba... shaba ni laini."

Akazirudisha, akafunga bakuli, skrubu nne. Akakamua sifongo la kichujio kama dekio. Akafungua plagi, akapiga kiki mara ishirini na nyonga ikimwaka moto, injini ikatema maji meusi kupitia tundu, kisha ukungu, kisha hewa. Akaifuta plagi kwa blauzi yake, akairudisha. Kikabaki kile kikombe cha juu.

"Wilf. Hiki kikombe kina upande uliokatwa. Unaelekea wapi? Mbele au nyuma?"

"Umewafungia kuku, Hilda?" Wilf akasema.

Hilda alikuwa mke wake.

"Wilf, mimi siye Hilda. Upande uliokatwa!"

"Mbweha yupo. Nimemsikia."

Aliniambia kwamba hapo ndipo alipotaka kulia, na hakulia kwa sababu kulia kungempotezea dakika. Alikitazama kikombe. Mbele au nyuma. Akakiingiza, kikaingia kidogo kikagoma, akasukuma, kikashuka, akafunga kifuniko, akaisukuma kabureta mahali pake, akakaza pete, akarudisha mpira, akafungua mafuta. Akapiga kiki. Mara ya saba injini ikawaka.

Ikapiga ukelele. Haikunguruma, ilipiga ukelele, bila yeye kugusa mafuta, ikipanda, ikipanda, pikipiki ikitetemeka na kutambaa kwenye mawe. Dolina alipapasa usukani mzima kabla ya kuona kitufe chekundu. Akakibonyeza. Kimya kikarudi, na sauti ya maji ya kijito.

Akatoa tena kabureta. Pete, mpira, kifuniko, springi. Mikono sasa ilijua njia hata kama haikuwa na hisia. Ndani ya shimo, ubavuni, akaona jino dogo la chuma. Na kwenye kikombe, mfereji mwembamba ambao hakuutilia maanani. Akauweka mfereji kwenye jino. Kikombe kikadondoka chenyewe hadi chini: tok. Upande uliokatwa ulikuwa umeangalia kichujio, nyuma. Akakinyanyua kwa waya, akakiachia. Tok.

Safari hii injini iliwaka kwa kiki ya pili, ikatulia kwenye mngurumo wa chini.

Alirudi mwambani akiiacha inanguruma. Akamjazia Wilf majani makavu ya mwaka jana yaliyojikinga chini ya mwamba, ndani ya koti, akaibana nailoni kwa mawe isipeperuke, akamwekea uso karibu. "Mimi nashuka. Narudi na watu. Unanisikia? Usilale."

Wilf alifungua macho, na kwa muda mfupi alikuwa yeye. "Gia ya kwanza iko chini," akasema. "Usipande jiwe lolote."

Alivaa gunia la bendera mgongoni. Pikipiki hizi hazina kiti cha maana. Alikaa juu ya kile kipande cha ngozi, magoti yakitokeza nje, akashuka kwenye tope kwa gia ya kwanza. Kila alipopita kilima kidogo alisimama, akashikilia breki, akachomeka bendera nyekundu bila kuzima, akihofia kwamba ikizimika haitawaka tena. Mara moja injini ilikohoa na kufa kabisa. Alikaa juu yake kwenye ukungu, akihesabu hadi kumi, hakuthubutu kupiga kiki. Alipopiga, ikawaka. Mara mbili alianguka. Nyonga ilimuuma kiasi kwamba aliendesha huku akiimba zaburi kwa Kigaeli ili asijisikilize.

Mimi nilikuwa garini, nimewasha hita, natafuna mkate wa zabibu. Saa kumi na mbili na nusu niliona kitu kinatoka kwenye ukungu, cheusi kuanzia nywele hadi buti, damu mkononi, kimelalia usukani. Sikumtambua mpaka aliposema.

"Lachie, tupa huo mkate. Nenda kwa simu. Paja limevunjika, amelowa, amenyweshwa chai tu. Wafuate bendera."

Alikataa kuzima pikipiki. Nilipolikimbiza gari hadi nyumba ya kwanza yenye simu nilimwacha ameishikilia, inanguruma, yeye akitetemeka juu yake.

Waokoaji walifika kwa Wilf saa mbili na nusu usiku, bado kuna mwanga, maana kwetu jua la Mei huchelewa kuzama. Walisema bila bendera wangempita. Moyo wake ulikuwa unapiga polepole kiasi kwamba kijana mmoja alidhani wamechelewa. Alilazwa hospitali ya Fort William wiki saba. Mguu ulipona mfupi kuliko mwenzake.

Jumamosi ile Dolina alikwenda kwa wasimamizi na karatasi aliyoiandika mwenyewe. Katibu aliisoma, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Huu mstari tunaweza kuuacha, Bi. MacInnes. Kwamba ulimruhusu. Hakuna aliyeona."

"Mimi nilikuwepo," Dolina akasema.

"Umemwokoa mtu. Watu wanataka kukupa shada la maua."

"Wampe Hilda Oddy. Nilimpandisha mahali palipofungwa, akavunjika. Andika."

Wakaandika. Ikabidi wamvue kazi ya uamuzi. Wilf, kutoka kitandani, aliwaandikia barua ya kurasa nne ambayo haiwezi kusomwa mbele ya watoto, lakini hawakubadili neno, na Dolina alisema walifanya sawa.

Nilimtembelea Wilf hospitali pamoja na Dolina mara moja tu. Wilf alikuwa ameketi, amenyolewa, Hilda pembeni anafuma. Dolina alisimama mlangoni na mkoba wake mikononi, haingii, haondoki. Hilda ndiye aliyeinuka. Hakusema asante. Alimshika ile mikono, akaigeuza viganja juu, akautazama mkato uliokuwa unaanza kufunga, akauliza kama ameupaka kitu.

"Siagi," Dolina akasema.

"Siagi haifai. Keti nikupake."

Wakaketi, Hilda akaanza kumpaka.

Mwezi wa Mei uliofuata nilikataa na mimi kuwa mwamuzi. Siku ya Alhamisi nilikuwa jikoni kwa Dolina, tunamenya viazi, mara milio ya pikipiki ikaanza kushuka kutoka Mamore. Aliniambia nifunge dirisha. Nikafunga. Tukamenya viazi vingine vinne. Kisha akafuta mikono kwenye aproni, akaenda mwenyewe akalifungua, akabaki amesimama pale.

"Hiyo inayopita sasa," akasema, "kabureta yake inatoa mafuta mengi mno. Sikiliza inavyokohoa. Mwenyewe hajajua."